Kuhe Zizini kwa Mzee Njiku

Siku niliyokabidhi ufunguo wa stoo ya nyavu, Anitha, afisa uvuvi aliyepokea kiti changu, hakuniuliza habari za mabwawa wala za leseni. Aliniuliza swali ambalo watu wa Ikungi wameniuliza sokoni, msibani, na mara moja kanisani wakati wa sadaka: "Mama, hivi kwenye tangi la nyumbani, samaki gani anakaa na nani?" Nilimwambia nitamwandikia. Sasa nimestaafu, muda ninao, na bado naogopa kujibu, maana mara ya mwisho nilipolijibu swali hilo nilirudi nyumbani nikakosa usingizi.

Nianze mwanzo. Niliporipoti kazini mara ya kwanza, mlinzi wa getini aliniuliza nimepangiwa idara gani. Nikasema uvuvi. Alicheka mpaka akashika nguzo ya geti. "Uvuvi hapa Ikungi? Utavua nini, dada, vumbi?" Wilaya yetu ni alizeti, mtama, ng'ombe na upepo. Nilikwenda msalani nikalia kidogo, nikanawa uso, nikaingia ofisini. Ninyi mnaoanza, mkichekwa getini, jueni hiyo ni sehemu ya mapokezi.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Mathayo, fundi wa mabwawa, mtu mwembamba aliyevaa kofia ya pama hata ndani ya nyumba. Karatasi za kupimia maji zilikuwepo stoo, lakini yeye alianza kwa ulimi. Alichota maji kwa kiganja, akaonja, akatema, akasema, "Haya yanafaa," au "Haya yapelekee ng'ombe." Kisha ndipo tulipima kwa karatasi, na mara nyingi karatasi ilikubaliana naye. Mimi sikuwahi kuwa na ulimi wa namna hiyo. Niliupata wasiwasi badala yake, nao ukanifaa: kila nilipomwachia mtu samaki wapya, nilimpigia simu kabla sijafika nyumbani. Wengine waliacha kupokea.

Mathayo alinipa kanuni moja ambayo nimeitumia hadi mwisho. Alisema, "Kwanza angalia maji, halafu angalia mdomo. Samaki akiweza kuingia kwenye mdomo wa mwenzake, huyo si mwenzake, ni mboga." Tabia, alisema, ni jambo la tatu, na tabia hubadilika. Mdomo haubadiliki, unaongezeka tu.

Matangi ya nyumbani yalikuja baadaye, Mathayo akiwa ameshastaafu. Watu walianza kuyaona kwenye simu na kwenye sebule za jamaa zao wa Dodoma. Fundi mmoja wa madirisha ya aluminiamu pale Ikungi akajifunza kugundisha vioo kwa silikoni, na ghafla kila mwenye kochi jipya akataka na tangi la samaki pembeni. Hakuna aliyeniambia kwamba hiyo ni kazi yangu. Lakini mimi ndiye niliyekuwa na neno uvuvi mlangoni, basi maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Maji ya visima vyetu ni magumu. Kila mtu anaujua ule ukoko mweupe kwenye birika. Kwa hiyo wale samaki wadogo wenye mstari wa buluu unaowaka, ambao kila bibi harusi anawataka, hapa kwetu hawadumu, maana wamezoea maji laini. Gupi na moli, nao samaki wadogo wa urembo, wanayapenda maji yetu kama wamezaliwa kijijini Issuna. Samaki wa dhahabu anavumilia, lakini anachafua sana na anapenda ubaridi, na moli anataka joto, hivyo usiwaweke pamoja eti kwa sababu rangi zao zinapendezana. Mwezi wa sita na wa saba, upepo ukianza na umeme ukikatika, funika tangi kwa blanketi. Na vifaa usivisahau: ndoo yenye mfuniko, wavu mdogo, kipimajoto, mpira wa kunyonyea uchafu, pampu ya hewa ya betri. Ukiazimwa pampu, mfuate aliyeiazima siku hiyohiyo.

Kosa kubwa la watu wetu lilitokana na ufugaji. Mfugaji wa Kintinku, wilaya ya jirani, aliniambia usoni, "Mama Samaki, mimi mbuzi, kondoo, punda na ndama wanalala zizi moja, na hawajawahi kuuana. Samaki wana ubishi gani?" Nikamjibu kwamba mbuzi hamli kondoo. Alifikiri kidogo, akasema hata hivyo atajaribu. Huko huko Kintinku, mwalimu mmoja alinunua malaika, wale samaki bapa wenye mapezi marefu, wakiwa wadogo kama kifungo cha shati, akawachanganya na gupi. Wakaishi vizuri. Baada ya miezi kadhaa gupi wakaanza kupungua, na paka wa nyumba akapigwa na kuhamishiwa kwa jirani. Nilipokwenda nilikuta malaika wamekuwa na ukubwa wa kiganja, wananitazama bila aibu. Paka hakurudi, alikuwa ameshazoea kwa jirani.

Lakini si kila walichokijua wafugaji kilikuwa kosa. Mzee mmoja mchungaji alinionyesha jambo ambalo sikulikuta darasani. Tangi la jirani yake lilikuwa na samaki mmoja mbabe aliyemfukuza kila mgeni. Mzee akauliza kwa nini hatubomoi zizi. Alisema ng'ombe mgeni akipigwa pembe sana, wao huhamisha uzio, kila ng'ombe anakosa kona yake ya kulala, na wote wanakuwa wageni siku moja. Tukapanga mawe upya, tukageuza majani, ndipo tukamwingiza mgeni. Ugomvi ukapoa. Tangu siku hiyo sijaingiza samaki bila kuhamisha mawe kwanza.

Sasa nifike Issuna, kwa Mzee Njiku, ambako nimekuwa nikizungukazunguka nisifike.

Mzee Njiku alikuwa mfugaji mwenye sauti, mpaka kiharusi kilipompiga upande wa kushoto na kumnyang'anya maneno. Ng'ombe zake ziligawanywa kwa ndugu. Binti yake Veronika, muuza maharage pale sokoni, alimwona baba yake anashinda akitazama ukuta, akaniomba ushauri, tukamwekea tangi. Lilikuwa tangi la ndoo kumi, lenye gupi, na moli wachache. Nilichagua mimi mwenyewe, samaki wapole wanaozaana, ili kila asubuhi awe na kitu kipya cha kutazama. Wiki zilipita. Siku moja Veronika alinipigia simu huku analia, nikadhani mzee amekufa. Kumbe amesema neno. Alikuwa anamwita moli mmoja mweusi mwenye doa jeupe, kwa jina la ng'ombe wake wa kwanza.

Baada ya hapo maneno yalirudi polepole, ya Kinyaturu tu. Kiswahili alikisikia lakini hakikumtoka tena. Kila samaki alimpa jina la ng'ombe. Mimi nilifurahi, kisha nikaanza kuogopa, kwa sababu sasa samaki wale walikuwa wamebeba mzigo mkubwa kuliko miili yao. Kila umeme ulipokatika niliwaza tangi la Issuna kabla sijawaza friji langu.

Mzee alikuwa na mtoto mwingine, Elia, ambaye hakuwa akitajwa. Miaka mingi nyuma, Elia aliwauza maksai wa baba yake, wale wa kulimia, bila kumwuliza, akapata nauli akaenda Kigoma. Msimu ule baba yake alilima kwa jembe la mkono. Hawakuzungumza tena. Elia alikuwa mpakiaji wa samaki kwenye mwalo wa Ziwa Tanganyika, mitumbwi inakoshushia samaki, na habari za nyumbani alizipata kwa Veronika kwenye simu.

Nilikuwa nimebakiza miezi michache nistaafu Veronika aliponipigia simu mchana. "Shikamoo, mama. Njoo nyumbani sasa hivi. Elia amerudi. Ameleta samaki."

Nilipanda bodaboda. Njiani nilijiambia kwamba pengine ameleta samaki wa kukaanga.

Nilikuta ndoo kubwa ya buluu katikati ya sebule, pampu ya betri inanguruma pembeni, na mwanaume wa makamo amesimama kando yake kama mtu aliyeitwa kituoni. Alinisalimu kwa heshima, "Shikamoo, mama." Mzee Njiku alikuwa kwenye kiti chake, uso ameuelekeza kwenye tangi, hamtazami mwanawe. Nikafunua mfuniko. Ndani kulikuwa na samaki mwenye urefu wa kalamu, mwili wa fedha na madoa meusi ubavuni, na mdomo mpana unaofunguka na kufunga taratibu. Nilimtambua. Alikuwa kuhe mchanga. Kuhe wa Ziwa Tanganyika hukua mpaka urefu wa mkono wa mtu mzima, na kukua kwenyewe hukua kwa kula samaki wenzake.

"Nimekuja naye kwa treni mpaka Manyoni," Elia alisema. "Kila kituo nilikuwa nambadilishia maji kidogo niliyobeba kwenye madumu. Watu walinicheka. Hajafa, mama."

Maji hayakuwa tatizo. Ziwa lile nalo lina maji magumu, kuhe angeyafurahia maji ya Issuna. Mdomo ndio uliokuwa tatizo.

Veronika alinivuta jikoni. Hapo lazima niwaeleze wasio wa kwetu. Katika ukoo wa Mzee Njiku, mtu aliyemkosea mzazi harudi mikono mitupu. Analeta mnyama akiwa hai, na mnyama huyo sharti aingie zizini siku hiyohiyo, jua likiwa bado lipo, watu wakiona. Akifungwa pembeni, msamaha umekataliwa, na aliyeleta hurudi alikotoka. Aliyemleta pia husimama zizini na fimbo mpaka wenyeji wamzoee mgeni. Mzee hakuwa na ng'ombe tena. Zizi lake lilikuwa lile tangi, na Elia alilijua hilo.

"Baba akikuuliza kama wanapatana, sema wanapatana," Veronika aliniambia, ameshika mkono wangu kwa nguvu. "Nakuomba, mama. Kaka yangu hatarudi mara ya pili. Na baba hana miaka kumi mingine ya kumsubiri."

"Vero, yule atawala wote."

"Basi uongo wako utakuwa wa leo tu."

Niliogopa. Nasema wazi, kwa kuwa najua mtakutana na siku kama hiyo na mtadhani ninyi ndio wa kwanza. Nikisema ukweli, ninamfukuza mtoto. Nikisema uongo, mzee anakaa mbele ya kioo anatazama ng'ombe zake zinaliwa, na pengine maneno yake yanaondoka nazo. Nilirudi sebuleni.

Mzee hakuniuliza kama wanapatana. Aliuliza, "Huyu anakula nini?"

Nilimtazama Veronika, nikamtazama Elia, nikajibu kwa Kinyaturu, "Anakula wenzake, mzee. Wadogo kama hawa."

Elia alifunika uso kwa viganja. Alisema kupitia vidole, "Sikujua, baba. Vero aliniambia baba anafuga samaki. Mimi nikawaza samaki. Kwetu kule samaki ni wale wa kubeba kwa mikono miwili." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nilitaka kuleta mkubwa. Wale maksai walikuwa wakubwa." Akainama, akashika mshikio wa ndoo, tayari kuondoka nayo.

Nikadakia haraka haraka. Nilisema ninaweza kuweka kioo katikati ya tangi, kama kizizi cha ndama, uzio mmoja, pande mbili. Nilimpigia fundi wa vioo hapohapo. Alikuwa Singida mjini na kioo kingepatikana kesho asubuhi. Nikasema basi niwachukue gupi na moli kwenye ndoo yangu, wakae kwangu usiku mmoja.

Mzee Njiku alitikisa kichwa. "Ng'ombe hazihamishwi kwa sababu mgeni anakuja," alisema. Alitazama dirishani, jua lilikuwa limeshafika kwenye paa la jirani. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu niingie, alimgeukia mwanawe. "Mwingize. Utasimama na fimbo."

Nilivuta muda kadiri nilivyoweza. Nilihamisha mawe, nikayarundika upande mmoja ili wadogo wapate pa kujificha. Nikamimina maji ya tangi kwenye ndoo kikombe kwa kikombe, kumzoesha kuhe, taratibu kuliko nilivyowahi kufanya, nikiomba fundi apige simu aseme amekipata kioo. Hakupiga. Ilipobaki miale michache nikamnyanyua kuhe kwa wavu na kumwachia. Gupi walitawanyika wote kwa pamoja. Kuhe alishuka chini, akatulia karibu na pampu, hakumgusa mtu. Nikajipa moyo. Samaki aliyetoka safari mara nyingi hali kitu siku ya kwanza, hilo ni la kweli, na nililisema kwa sauti ili nami nilisikie.

Nilimkabidhi Elia wavu wangu, nikamwelekeza. Akimwona kuhe anainama na kukaza mapezi, amtie wavu mbele ya mdomo, amrudishe pembeni. Taa ya tangi iachwe inawaka ili aone. Elia alivuta kiti akakiweka kando ya kiti cha baba yake. Walikaa wakitazama upande mmoja. Veronika aliwaletea ugali na mlenda, na mzee alimega kwa mkono wake mzima, na Elia akasubiri baba atangulie.

Nilirudi nyumbani. Sikulala vizuri, na sitawaelezea, mnaujua usingizi wa mtu mwenye wasiwasi. Asubuhi nilikuwa mlangoni kwa fundi kabla hajafungua. Kioo kilipokatwa nilikifunga kwa kanga, nikakibeba mapajani juu ya bodaboda mpaka Issuna, nikimsihi dereva apunguze mwendo na hapohapo nikimsihi aongeze.

Veronika alinifungulia mlango, ndiyo kwanza anaamka. Tuliingia sebuleni pamoja.

Kuhe alikuwa katikati ya tangi, tumbo limemjaa, ametulia. Nilitafuta gupi nyuma ya pampu, nikatafuta kwenye mawe. Walibaki wachache, wamejibana juu kabisa kwenye kona. Moli mweusi mwenye doa jeupe hakuwepo.

Elia alikuwa amelala usingizi mzito kwenye kiti, wavu umemlalia magotini, kichwa kimeangukia bega la kushoto la baba yake, lile lililokufa. Mzee Njiku alikuwa macho. Macho yake yalikuwa mekundu, na ilikuwa wazi kwamba hakuyafumba. Mkono wake wa kulia, ule unaofanya kazi, ulikuwa juu ya kichwa cha mwanawe.

"Baba," Veronika alinong'ona, akishika mdomo. "Umewaona wakiliwa? Wote hao? Mbona hukumwamsha?"

Mzee alitazama kioo nilichobeba, akanionyesha kwa macho nikiweke chini polepole.

"Mwache alale," alisema. "Ametoka mbali."